Neno Hupita Njia Gani?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linalonisumbua tangu nilipoanza kazi ya ukarani hapa parokiani. Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kutunza vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kupokea zaka, kuandika barua za Baba Paroko, na kila Jumapili kusoma matangazo. Watu hudhani ya kwamba msoma matangazo ndiye mpeleka habari wa kijiji. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba ukisema kwa sauti, ukasema wazi, ukarudia mara tatu, mtoto atashika. Basi nikasema kwa sauti, nikasema wazi, nikarudia mara tatu.

Mwaka 2022 nilisoma tangazo la chanjo ya wasichana Jumapili tatu mfululizo. Ni ile chanjo inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo serikali yetu ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Siku yake ilipofika, muuguzi alikuja na kisanduku chake cha baridi, akaketi darasani tangu asubuhi. Wasichana waliotazamiwa walikuwa zaidi ya arobaini. Walikuja tisa.

Na wakati huo huo kulikuwa na neno jingine, ati sindano ile huwafanya wasichana wasizae. Neno hilo halikusomwa na mtu mbele ya waumini, halikubandikwa ukutani, wala hakuna aliyelilipia mafuta ya pikipiki. Hata hivyo lilikuwa limekwisha kufika katika zile nyumba za ng'ambo ya mto, ambako barua ya michango huchukua mwezi mzima kufika, na majibu yake hayaji kabisa. Kwa nini neno lile lilivuka mto, na la kwangu likabaki mlangoni mwa kanisa?

Kumbe swali hilo lina wenyewe. Wako watu waliolichunguza miaka mingi, na wengi wao walianzia shambani, tena shamba la mahindi, jambo ambalo lilinifanya niwaamini kidogo.

Katika Marekani liko jimbo liitwalo Iowa, nchi ya mahindi kweli kweli. Huko, mwaka 1928, wakulima walianza kuuziwa mbegu ya mahindi chotara. Ilikuwa mbegu njema. Mavuno yake yalizidi yale ya mbegu ya kienyeji kwa kadiri ya sehemu moja katika tano, nayo ilistahimili ukame kuliko mbegu ya zamani. Ila ilikuwa na sharti moja: mkulima hawezi kutwaa mbegu katika mavuno yake akapanda mwaka wa pili na kupata mazao yale yale, bali hapana budi anunue kila msimu. Wewe uliyemwona mama yako akichagua mahindi makubwa na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jiko, unajua ya kwamba hilo si jambo dogo. Ni kumwambia mtu aache ghala lake, akatafute mbegu dukani na fedha mkononi.

Wataalamu wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, waliwauliza wakulima 259 wa sehemu mbili za jimbo hilo, wakatoa habari yao mwaka 1943. Katika wakulima hao wote, wawili tu ndio waliokuwa hawajaipokea mbegu hiyo. Basi atazamaye kwa mbali atasema mbegu nzuri hujiuza yenyewe. Lakini tazama mwendo wake. Baada ya miaka mitano ya kwanza, katika kila wakulima kumi ni mmoja tu aliyeipanda. Miaka mitatu baadaye walikuwa wanne katika kumi. Tangu mkulima aliposikia habari za mbegu hata siku aliyoipanda, kwa wastani ilipita miaka kama tisa. Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa siku baba yake aliposikia habari angekuwa anachunga mbuzi. Tena hata alipokubali, hakupanda shamba zima. Alianza na kipande, akangoja, akaona, akaongeza.

Lililonigusa zaidi ni majibu yao juu ya watu. Walipoulizwa ni nani aliyewapa habari kwanza, wengi walitaja wachuuzi wa mbegu. Walipoulizwa ni nani aliyewafanya wakate shauri, walitaja majirani. Mchuuzi alileta habari, akaenda zake. Jirani ndiye aliyebaki pale na shamba lake likionekana kutoka barabarani.

Katika jimbo hilo hilo alizaliwa, mwaka 1931, mtoto aitwaye Everett Rogers. Baba yake alikuwa mkulima aliyependa mitambo mipya, lakini mbegu chotara hakuitaka. Mwaka 1936 ukaja ukame mkali. Mahindi ya mzee Rogers yakanyauka. Ya jirani yake, aliyepanda chotara, yakasimama. Hapo ndipo mzee aliposadiki. Mtoto hakuyasahau mahindi yale. Alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu juu ya namna mambo mapya yanavyoenea, kikatoka mwaka 1962, na wanafunzi wa vyuo wanakisoma hata leo.

Humo Rogers aliwagawa watu mafungu matano. Katika kila mia, wawili na nusu ndio wa kwanza kabisa kupokea jambo jipya (nusu ya mtu hupandaje mahindi, tumwachie mwenyewe), kisha kumi na tatu na nusu, kisha thelathini na nne, kisha thelathini na nne wengine, na kumi na sita ndio wa mwisho. Nakiri ya kwamba mafungu hayo hayanipendezi sana, kwa kuwa mtu asomaye upesi huwacheka wale kumi na sita. Mwenye eka ishirini hujaribu mbegu mpya katika eka moja. Ikifa, hupata hadithi ya kusimulia. Mwenye eka moja akijaribu, anakijaribu chakula cha watoto wake. Kukawia kwake si ujinga, ni hesabu. Rogers mwenyewe baadaye aliandika kuwaonya wataalamu wasiwe wepesi wa kuwalaumu watu pale jambo linaposhindikana.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki mtu asiseme wakulima wadogo ni wagumu. Mbegu chotara iliyotengenezwa Kitale ilitolewa Kenya mwaka 1964, na wenye mashamba madogo wa upande wa magharibi waliipokea kwa haraka iliyowashangaza wengi. Waliona kwa jirani, wakafanya.

Sasa nikupeleke Peru, kwa maana huko ndiko nilikojiona mimi mwenyewe. Katika kitabu chake Rogers anasimulia habari za kijiji kiitwacho Los Molinos, chenye familia kama mia mbili. Maji yao yalikuwa machafu na yaliwaletea maradhi. Idara ya afya ilimpeleka bibi mmoja awafundishe akina mama kuchemsha maji ya kunywa. Alikuwa mtu wa bidii. Miaka miwili alikwenda nyumba kwa nyumba, akaeleza habari za vijidudu, akarudi, akaeleza tena. Mwisho wa miaka miwili, familia alizozipata zilikuwa kumi na moja.

Kwa nini? Katika desturi ya kijiji kile, vyakula na vinywaji viligawanywa kuwa vya moto na vya baridi, si kwa jinsi vilivyotoka jikoni bali kwa asili yake. Maji yaliyochemshwa yalikuwa ni ya wagonjwa. Mtu mzima wa afya hakuyanywa, wala hakutaka kuonekana akiyachemsha. Bibi wa afya alisema habari za vijidudu, nao akina mama walisikia habari za ugonjwa; kila mtu alisema lake, na hakuna aliyekuwa mwongo.

Lakini liko na jambo la pili. Tazama ni akina nani waliokubali. Mmoja alikuwa mama mgonjwa-mgonjwa, ambaye hata kabla ya bibi kuja alichemsha maji kwa sababu ya hali yake. Mwingine alikuwa mgeni kutoka milimani, ambaye wenyeji hawakumhesabu kuwa mwenzao, naye hakujali watamsemaje. Hao walimkaribisha bibi vizuri, wakampa kiti, naye akapenda kurudi kwao. Nani asingependa? Ila hakuna mama mwingine kijijini aliyetaka kufanana nao. Wale ambao neno lao lilisikika kisimani na katika vikao vya ndoa, bibi hakuwapata.

Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini, nikachukua orodha ya wale tisa wangu. Watatu walikuwa wa nyumba za walimu. Wawili wa nyumba ya mganga wa zahanati. Mmoja wa bwana shamba, mmoja wa mwenye duka aliyehamia kutoka mjini. Wawili waliobaki ni wa katekista. Watu wema wote hao, wala siwadharau, lakini karibu wote ni wageni wa kazi, waliohamishiwa hapa na watakaohamishwa tena. Wa ng'ambo ya mto hakuwapo hata mmoja.

Basi inaonekana zipo njia mbili, nasi tunazichanganya. Iko njia ya habari, na iko njia ya kukubali.

Njia ya habari ni nyepesi, na watu wa mbali ndio waichukuao vizuri. Mtaalamu aitwaye Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 juu ya watu wa mji mmoja karibu na Boston, jinsi walivyopata kazi. Katika wale waliosaidiwa na mtu, waliosaidiwa na mtu wanayeonana naye kila mara hawakufika ishirini katika mia. Wengi walisaidiwa na mtu wanayemwona mara chache. Ukifikiri kidogo utaona sababu. Unayekula naye kila siku anajua yale yale unayoyajua wewe. Kondakta wa basi, mnunuzi wa viazi, shemeji anayekuja wakati wa msiba tu, hao ndio wanaotoka kusikojulikana na jambo usilolijua. Na siku hizi makundi ya simu yamewafanya watu wa mbali wawe wengi mno, tena hawalali.

Ngoma ya beni ilienea hivyo. Ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, kwa kuziiga bendi za askari. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokuja, askari na wapagazi waliichukua bara, na vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, vikawa na watu katika miji ya Tanganyika, na mtindo wake ukafika hata Nyasaland, ambako ulizaa ngoma nyingine. Hakuna aliyeitangaza. Kijana alirudi kwao amevaa kofia, akacheza kwa kwata, wenzake wakatazama. Watu waliozoea kuamriwa walipata mahali pa kuwa na vyeo vyao wenyewe na kuamrishana wenyewe. Tena ngoma haina hatari: ukiijaribu ikakushinda, umepoteza jasho.

Jambo la hatari ni mbali. Hapo mtu mmoja hatoshi, hata awe na elimu gani. Mwaka 2010 mtaalamu Damon Centola alionyesha, kwa majaribio aliyoyafanya juu ya mambo ya afya, kwamba mtu aliyeona wenzake wawili au watatu wamekwisha kuingia katika jambo aliingia kwa wepesi kuliko aliyemwona mmoja tu. Mmoja huenda amekosea. Watatu, tena wanaofahamiana na wewe, ni neno jingine.

Wala njia hiyo haichagui mzigo. Mwaka 1905, kusini mwa nchi hii, watu walikwenda Ngarambe kwa Kinjikitile, wakachukua maji, wakarudi nayo makwao. Walikwenda pamoja na jamaa zao, na habari ilipita kwa kunong'onezana, ndugu kwa ndugu, mkwe kwa mkwe. Watu wa makabila mengi, ambao hawakuwa na mtawala mmoja wala desturi moja, waliungana katika neno hilo kwa muda mfupi sana. Wadachi walimnyonga Kinjikitile mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Maji yakaendelea kwenda bila yeye. Risasi hazikugeuka maji. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa iliyofuata vita. Mtu wa leo hucheka, ati waliaminije? Lakini waliletewa neno na watu wao wenyewe, nalo liliingia katika uchungu waliokuwa nao kweli: mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi, na viboko. Neno lililoletwa na shemeji, tena lenye kujibu uchungu wako, hulipimi kwa mizani ya karani.

Ndiyo maana yale maneno ya utasa siyacheki tena. Nilipoanza kusikiliza badala ya kusoma, nilikuta ndani yake maswali ya haki kabisa. Kwa nini wasichana tu? Kwa nini wa miaka 14 na si mama zao? Kwa nini ni bure, hali panadoli tunanunua? Tangazo langu halikujibu hata moja. Lilitaja siku, saa na mahali.

Iko pia habari ya kwetu iliyonipa moyo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutoa mchezo uitwao Twende na Wakati. Wakubwa kidogo wanamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori na safari zake. Mchezo ulihusu, pamoja na mengine, hatari ya UKIMWI. Waliouandaa walifanya jambo la busara: hadi mwaka 1995 matangazo ya Dodoma hayakuutoa, ili waweze kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Waligundua ya kwamba palipopatikana mchezo, watu walibadili mwenendo kuliko Dodoma, mathalani kwa kupunguza idadi ya wapenzi. Lakini redio peke yake haikumaliza kazi. Wasikilizaji walizungumza. Mke alimwambia mume, "Unamsikia Mkwaju?" na wote wawili walijua ni nani anayesemwa. Mkwaju aliwapa namna ya kulitaja jambo pasipo kumtaja mtu.

Nirudi nyumbani. Baada ya ile siku ya tisa nilikwenda katika jumuiya ya ng'ambo ya mto, si kusoma chochote, bali kukaa. Nilieleza nilivyoweza, nikasema ya kwamba saratani hiyo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi katika nchi yetu kuliko saratani nyingine zote. Mama mmoja mkaanga vitumbua, ambaye hazungumzi sana, lakini akizungumza wengine hunyamaza, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, dada yangu alikufa kwa ugonjwa huo. Nimeuguza mimi. Unayosema nayajua. Sasa niambie, yule binti wa dada yako unayekaa naye, amechanjwa?"

Ndugu msomaji, hakuwa amechanjwa. Alikuwa na miaka 14, na jina lake lilikuwa katika orodha niliyoinakili kwa mkono wangu. Siku ile nilimwambia abaki nyumbani kwa kuwa alikuwa na mafua. Mafua alikuwa nayo kweli, ila si hayo yaliyomzuia. Lile neno lilikuwa limefika na kwangu, kwa njia ya simu, kutoka kwa ndugu yangu ninayempenda, nami nikasema moyoni, tungoje kwanza tuone wenzetu. Nilisoma tangazo mara tatu na mimi mwenyewe nilikuwa nikingoja jirani.

Nilijibu, "Bado, mama." Palikuwa kimya. Hakunicheka wala hakunikemea. Alisema, "Basi Jumatatu tutakwenda pamoja, wako na wangu."

Tulikwenda. Wasichana wawili walichanjwa, wakalalamika mikono inauma, wakanunuliwa soda. Mama yule hakuhubiri mahali popote. Aliendelea kukaanga vitumbua vyake, na kila aliyekuja kununua aliuliza, naye akamjibu, na binti akiwa pale pale akiosha vyombo. Zamu iliyofuata walikuja ishirini na sita. Ng'ambo ya mto walitoka watano, wote wa majirani wa mama huyo.

Tangu mwaka 2024 chanjo hiyo hutolewa kwa dozi moja, nayo ni kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa hiyo orodha yangu imekuwa ndefu. Matangazo bado nayasoma, maana ni kazi yangu. Lakini la chanjo siku hizi naliandika Alhamisi, nikapita nalo kwanza pale kwenye vitumbua. Mama hulisoma polepole huku akigeuza, kisha huniambia nani atauliza nini.